Korea kwa siku nane, na mama mwenye magoti mabovu: tukodi gari na mwongozaji kwa safari nzima?

"Habari. Wiki ya tatu ya mwezi wa kumi tunakwenda Korea Kusini kutoka Dar es Salaam, watu wanne: mimi, mume wangu, mama yangu mwenye miaka 68, na binti yetu wa miaka 15 ambaye ndiye chanzo cha safari yote kwa sababu ya tamthilia zake. Tuna siku nane kamili. Wakala mmoja wa mtandaoni ametupa bei ya dola 5,200 kwa gari, dereva na mwongozaji wetu peke yetu siku zote nane: Seoul, mpaka wa Kaskazini, kisiwa cha Nami na mlima Seorak kwa siku moja, kisha Gyeongju kwa gari, Busan, kisiwa cha Jeju, na kurudi. Hoteli, chakula na ndege ya kwenda Jeju havimo. Anasema bila mwongozaji tutapotea kwa sababu Wakorea hawajui Kiingereza, na kwamba wiki hiyo nchi nzima majani yanakuwa mekundu. Mama anasumbuliwa na magoti na presha, hajui Kiingereza, na sisi ni Waislamu, tunajali chakula. Je, bei hii ni ya haki? Kuna mwongozaji anayejua Kiswahili? Au twende wenyewe tu?"

Dada yangu, nikikusoma vizuri, bei si jambo linalokunyima usingizi kuliko mengine. Unaogopa kumfikisha Bi mkubwa nchi ya mbali kisha akaishia kuiona kupitia dirisha la gari, amechoka, hajala vizuri, na hakuna aliyemweleza alichokuwa anakitazama. Hofu hiyo ina msingi, na ratiba uliyopewa inaielekea moja kwa moja. Ushauri wangu: kodini mwongozaji, lakini si kwa siku nane. Siku tatu zinatosha, tena kwa watu tofauti katika miji tofauti. Katikati pandeni treni. Na Jeju iondoeni kwenye safari hii, nitaeleza kwa nini.

Nianze na bei, kwa sababu umeiuliza. Dola 5,200 kwa siku nane ni dola 650 kwa siku. Kwa gari la watu saba, dereva na mwongozaji mwenye leseni, huyo wakala hajawaibia. Kazi ya mtu Korea ni ghali, na hapo mnalipa watu wawili. Ila angalia bei hiyo inavyojengwa. Ziara ya faragha haiuzwi kwa kichwa kama basi la watalii. Huuzwa kwa gari na kwa siku, na siku yenyewe ina saa zake, kwa kawaida nane hadi kumi, zikihesabiwa tangu gari linapofika hotelini hadi linapowarudisha. Saa za barabarani zimo humo. Mkilala nje ya Seoul, malazi na chakula cha dereva na mwongozaji viko juu yenu, ama vimeandikwa ama vimefichwa ndani ya bei. Na jambo ambalo wakala hakukueleza: kutoka Busan kwenda Jeju mtaruka kwa ndege. Gari la Seoul halirukii huko. Litarudi Seoul tupu, na mafuta ya kurudi pamoja na siku ya dereva mtalipa ninyi. Jeju mtahitaji gari jingine. Muulize waziwazi siku mbili za Jeju ndani ya ile 5,200 ni gari gani na nani anaendesha, uone atakavyojibu.

Sasa lile la kupotea. Halina ukweli mwingi. Vituo vya treni na vya reli ya chini ya ardhi Korea vina maandishi ya Kiingereza, matangazo ndani ya behewa pia, na kadi moja ya kugusa inayoitwa T-money inalipa basi, treni za mjini na hata teksi nyingi. Kuna namba ya simu ya 1330 inayohudumia watalii saa 24, kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Ukikwama na dereva teksi au mwenye mgahawa, unapiga, unaeleza shida yako kwa Kiingereza, kisha unampa simu mwenyeji anaelezwa kwa Kikorea. Ni kweli kwamba wazee wengi na wauza maduka madogo hawazungumzi Kiingereza, na ni kweli kwamba ramani ya Google kwa miaka mingi imekuwa haioneshi vizuri njia za miguu na za gari nchini humo, kwa sababu serikali imekuwa ikizuia data za ramani zake kutoka nje. Pakueni Naver Map au KakaoMap kabla ya kuondoka. Mume wako na binti, wakiwa na programu hiyo na ile kadi, wanaweza kuwazungusha Seoul bila kulipa mtu. Binti wa miaka 15 anayeangalia tamthilia kila siku huenda tayari anajua Kikorea kingi kuliko mnavyodhani. Mpeni kazi.

Kwa nini basi nasema kodini mtu hata kidogo? Kwa sababu sehemu kubwa ya kinachovutia Korea hakionekani kwa macho peke yake. Chukua Gyeongbokgung, kasri kuu la Seoul. Lilijengwa 1395, mwanzoni mwa utawala wa Joseon. Mtalii asiye na mtu anaona mapaa mazuri, anapiga picha, anatoka baada ya nusu saa. Hajui kwamba kasri hilo liliungua 1592 Wajapani walipovamia, likabaki magofu kwa zaidi ya miaka 270, likajengwa upya katika miaka ya 1860, kisha likabomolewa karibu lote wakati wa ukoloni wa Japani, na mbele yake likawekwa jengo kubwa la mawe la serikali ya kikoloni. Jengo hilo lilivunjwa kuanzia 1995. Unaposimama kwenye lango la pili, Heungnyemun, umesimama lilipokuwa hilo jengo. Uani, mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi, kuna safu mbili za mawe mafupi yenye maandishi: hapo kila ofisa alisimama kwa cheo chake, wa kiraia mashariki, wa jeshi magharibi. Ukielezwa hayo, uwanja mtupu unajaa watu. Sisi watu wa pwani tunajua ilivyo kuona mtu anapita kando ya magofu ya Kilwa akidhani ni kuta tu.

Hata Bukchon, mtaa wa nyumba za jadi ambao binti atautaka kwa ajili ya picha, una hadithi tofauti na inayodhaniwa. Nyumba nyingi pale si za enzi za wafalme. Ni za miaka ya 1920 na 1930, zilipogawanywa kutoka viwanja vikubwa vya mabwana ili Wakorea wa kawaida wapate makazi mjini. Na bado wanaishi humo. Ndiyo maana manispaa imeweka saa za watalii katika sehemu yenye msongamano, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na faini kwa anayekiuka. Mtaa una miinuko mikali, kwa hiyo mama abaki chini kwenye nyumba ya chai, binti na baba yake wapande.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mwongozaji iwe Seoul, na haihitaji gari. Muombeni mwongozaji wa miguu, bei hushuka sana gari na dereva vikitoka. Asubuhi Gyeongbokgung, mkianza na onesho la walinzi kupokezana zamu saa nne, mchana Changdeokgung. Hili la pili lilijengwa 1405, limo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1997, na kwa maoni yangu ni zuri kuliko la kwanza, kwa sababu halikulazimishwa kuwa mraba: limefuata vilima. Bustani yake ya nyuma inaingiwa kwa tiketi tofauti, kwa saa maalumu, na nafasi hujaa haraka msimu wa majani. Ina miteremko, kwa hiyo mama aamue mwenyewe. Zingatieni siku: Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, Changdeokgung Jumatatu. Ratiba ya faragha iliyopangwa na mtu asiye makini huwapeleka watu kwenye lango lililofungwa. Mkivaa hanbok, mavazi yao ya jadi yanayokodishwa karibu na kasri, mnaingia bure, na kwa kanzu zile pana na ndefu mama atajisikia nyumbani kabisa. Viatu viwe vya kawaida, kwa sababu mawe ya uani ni ya mabonde mabonde.

Na ikiwa mfuko unabana, jueni kwamba makasri haya yana ziara za bure za Kiingereza kila siku, zinazoongozwa na watu waliofundishwa kazi hiyo. Si za faragha, mtakuwa kundini, lakini maelezo ni mazuri. Sasa umeelewa kwa nini lile neno la wakala, kwamba bila mwongozaji mtapotea, lilinikera kidogo.

Kiswahili. Leseni ya mwongozaji wa kitalii Korea hutolewa kwa mtihani wa serikali katika lugha zilizotajwa. Zimo Kiingereza, Kichina, Kijapani, Kifaransa, Kiarabu na nyingine, Kiswahili hakimo. Wapo Wakorea wanaojua Kiswahili, tena kizuri, kwa sababu Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni jijini Seoul kimekuwa kikifundisha lugha yetu kwa miongo kadhaa. Mnaweza kubahatika kumpata mmoja akawa mkalimani wa mama kwa siku moja, na itakuwa furaha ya pekee kwake kusikia Mkorea akimwamkia "shikamoo". Lakini huyo awe nyongeza. Kazi ya kuongoza wageni kwa malipo ni ya mwenye leseni. Njia ya kawaida inayofanya kazi ni hii: mwambieni mwongozaji tangu mwanzo kwamba kuna mtu wa kutafsiriwa, aseme kwa vipande, asubiri. Mwongozaji mzuri atafurahi, kwa sababu atapunguza tarehe na kuongeza hadithi. Kama una asili ya Unguja au jamaa wa Oman na mama anasikia Kiarabu, ulizeni pia mwenye leseni ya Kiarabu.

Tuje kwenye ile siku ya Nami na Seorak. Hii ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Mlima Seorak uko upande wa pili wa nchi, juu ya mji wa pwani wa Sokcho. Kutoka Seoul ni kama saa mbili na nusu hadi tatu, barabara ikiwa tupu. Wiki ya tatu ya Oktoba haiwi tupu. Ni wiki ambayo Seoul nzima inataka kwenda kuona majani, na mwisho wa juma muda huo unaweza kuongezeka maradufu. Weka na kituo cha Nami njiani, weka feri ya kwenda kisiwani na kurudi, weka chakula. Katika saa kumi mlizolipia, mlimani mtapata saa moja na nusu, mbili mkibahatika. Na gari la kamba linalopandisha watu hadi Gwongeumseong haliuzi nafasi mapema: tiketi hukatwa siku hiyohiyo, foleni ya asubuhi ni ndefu, na upepo ukivuma linasimamishwa. Mkifika mchana mnaweza kuambiwa nafasi za siku zimekwisha. Mama atakuwa amekaa garini saa saba kwa magoti yale, halafu asione kitu.

Fanyeni hivi badala yake. Kodini gari na dereva-mwongozaji kwa siku moja ya kwenda tu: Seoul hadi Sokcho, mkipitia Nami au mji wa Chuncheon. Kisha laleni Sokcho usiku mbili. Kesho yake ingieni mlimani mapema, saa mbili asubuhi, siku ya katikati ya wiki. Gari la kamba hupanda kwa dakika chache. Juu kuna mwendo mfupi hadi kwenye miamba mitupu ya granite, na ukisimama hapo unaona kilele cha Ulsanbawi na bahari nyuma yake. Mama akichoka, akae kituo cha juu, mandhari yapo. Chini kuna njia tambarare ya kwenda hekalu la Sinheungsa, katikati ya misitu, ambayo hata mtu wa fimbo anaiweza. Kiingilio cha hifadhi hakuna tangu 2007, na tangu Mei 2023 mahekalu mengi makubwa, likiwemo hili, yameacha kutoza watu.

Nikiwa hapo Chuncheon, kuna kituo ambacho wapangaji wengi wa safari hukiruka. Karibu na maji ya Gongjicheon kuna mnara na ukumbi wa kumbukumbu wa wanajeshi wa Ethiopia, wale wa kikosi cha Kagnew waliopigana Vita vya Korea kuanzia 1951. Zaidi ya 6,000 walipelekwa kwa zamu, zaidi ya 120 hawakurudi. Mfalme Haile Selassie mwenyewe alikuja 1968 mnara ulipozinduliwa. Hawa ni majirani zetu. Dakika arobaini pale zitawapa picha ya Korea ambayo hamtaipata kwenye tamthilia yoyote: nchi iliyokuwa vumbi, ikisaidiwa na Waafrika. Mwambieni dereva mnataka kusimama.

Kuhusu majani kuwa mekundu nchi nzima wiki moja: haiwezekani, na sababu ni rahisi. Mti huacha kutengeneza rangi ya kijani usiku unapopoa, na usiku hupoa kwanza juu na kaskazini. Kwa hiyo rangi huanzia vilele vya Seorak mwishoni mwa Septemba, hushuka mabondeni mwake katikati na mwishoni mwa Oktoba, hufika makasri ya Seoul kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Novemba, na milima ya kusini kama Naejang huipata mwanzoni mwa Novemba. Wiki yenu ni nzuri sana kwa Seorak. Seoul itakuwa inaanza tu, na Gyeongju bado kijani chenye manjano. Si hasara, ila msije mkamlaumu mtu.

Gyeongju ndiyo sehemu ya kutumia fedha bila kujuta. Huu ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa kale wa Silla kwa karibu miaka elfu moja, hadi 935. Makaburi ya wafalme yamesimama katikati ya mji kama vilima vya nyasi, watu wanapita kando yake wakienda sokoni. Wakala anataka kuwapeleka kwa gari kutoka Seoul, saa nne au zaidi. Treni ya mwendokasi ya KTX hufika kwa takriban saa mbili, na mama atanyoosha miguu. Mkitokea Sokcho, mnaweza kurudi Seoul kwa basi na kupanda KTX, au mshuke hadi mji wa pwani wa Gangneung, mpande reli ya pwani ya mashariki, iliyokamilika mwanzoni mwa 2025 na kuunganisha Gangneung na Busan. Hiyo ni ya polepole, lakini vipande vyake vingi viko karibu na bahari. Mimi ningechagua ya pwani. Mume wako, kama ana haraka, atachagua KTX.

Gyeongju kodini gari na mwongozaji wa huko huko, siku moja nzima. Wenyeji wa mji huo wanaujua kwa undani ambao mwongozaji wa Seoul hana, na hamlipi malazi yake. Hekalu la Bulguksa lilianza kujengwa 751. Mbao zake ziliungua Wajapani walipovamia mwishoni mwa karne ya 16, mnachokiona cha mbao ni cha baadaye, lakini mawe ni yaleyale ya karne ya nane. Waambieni wawaoneshe ngazi 33 za mbele, ambazo haziruhusiwi kukanyagwa tena, na minara miwili uani: mmoja umechongwa kwa madoido na umo kwenye sarafu ya won 10, mwingine ni wa kawaida kabisa kwa nje. Ndani ya huo wa kawaida, 1966, ilipatikana karatasi ya maandiko iliyochapwa kwa ubao wa mbao, miongoni mwa chapa za kale zaidi zinazojulikana duniani. Juu mlimani kuna pango la Seokguram, lenye sanamu ya Buddha ya granite inayotazama bahari ya mashariki. Utaitazama kupitia kioo, na watu hulalamika. Sababu yake ni ya kujifunza: wakati wa ukoloni pango lilikarabatiwa kwa saruji, hewa ikakosa njia, unyevu ukaanza kula jiwe ambalo lilikuwa limedumu zaidi ya miaka elfu. Kioo na mashine za kukausha hewa ni dawa ya kosa hilo. Kutoka maegesho hadi pangoni ni njia ya udongo isiyo na mwinuko mkali. Mwende taratibu.

Hapa swali ambalo hukuuliza lakini mama ataliuliza: Mwislamu anaingia hekaluni? Kutazama historia na majengo hakumlazimishi mtu kuinama wala kushiriki ibada, na hakuna atakayewashurutisha. Kulala hekaluni, mpango uliokua tangu Kombe la Dunia la 2002, ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake mna swala zao za alfajiri na sijda 108. Kwa familia yenu nisingeupendekeza. Kama mama ana shaka hata ya kuingia tu, amuulize shehe wake kabla ya safari, mwongozaji si mtu wa kumwamulia hilo.

Chakula kinahitaji ukweli mchungu kidogo. Korea hula nguruwe sana, na hujificha: kwenye supu ya kimchi, kwenye mchuzi wa tambi, kwenye soseji ya damu inayouzwa barabarani. Nyama ya ng'ombe iliyolowekwa viungo mara nyingi imetiwa pombe. Kuku wa Chuncheon, maarufu kweli, hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Lakini pwani ya Sokcho na Gangneung ni nchi ya samaki wa kuchoma, ngisi na tofu laini iliyogandishwa kwa maji ya bahari. Gyeongju kuna wali wa kufungia kwenye majani wenye visahani kumi na zaidi vya mboga. Na kila mahali kuna bibimbap, wali wa mboga na yai, ukiomba usiwekewe nyama. Seoul, mtaa wa Itaewon, kuna msikiti mkuu uliofunguliwa 1976 na migahawa ya halali imeuzunguka. Nami nako kuna chumba cha swala. Kazi moja ya maana mtakayompa mwongozaji wa siku ya kwanza ni kuwaandikia karatasi kwa Kikorea: hatuli nguruwe, mafuta yake wala mchuzi wake, hatutumii pombe ndani ya chakula, tunakula samaki, mayai na mboga. Karatasi hiyo itawatosha siku zote zilizobaki, hata asipokuwepo.

Jeju nimesema iachwe. Si kwamba haifai. Mlima Halla wenye mita 1,947 ndio mrefu kuliko yote Korea Kusini, na wanawake wapiga mbizi wa kule, haenyeo, wengi wao wazee kama mama au kumzidi, wanaozama bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wa baharini, ni jambo ambalo mtu wa pwani angelipenda kuliko kasri lolote. Lakini Jeju ya siku mbili, ukiondoa viwanja viwili vya ndege, ni ya siku moja na robo, na vivutio vyake vikubwa ni vya kupanda ngazi. Kama mama moyo wake uko baharini, basi geuzeni: toeni Sokcho, wekeni Jeju siku tatu. Vyote viwili na Gyeongju ndani ya siku nane vitamvunja. Busan mnaweza kwenda kutoka Gyeongju kwa treni, asubuhi hadi jioni, bila mtu. Siku ya mpaka wa Kaskazini msiilipie faragha: kwenye handaki la kivita lililochimbwa na Kaskazini na kituo cha kutazamia cha Dora wageni binafsi huishia kupanda basi la pamoja kutoka Imjingak, karibu na mpaka, kwa pasipoti. Ziara ya kundi inatosha. Handaki lenyewe lina mteremko mkali, mama asiingie.

Kabla ya kutuma kianzio kwa yeyote, ombeni picha ya leseni ya mwongozaji. Anatakiwa kuivaa akiwa kazini, kwa hiyo hana sababu ya kukataa. Gari la biashara lina kibao cha namba cha njano, au liwe la kampuni ya kukodisha lililokuja na dereva wake kihalali. Mtu anayewabeba kwa gari lake binafsi kwa malipo anavunja sheria, na mkipata ajali bima inaweza kuwakana. Na katika mkataba iandikwe wazi kwamba hakuna kusimama madukani. Ziara za bei ya kutupwa hulipwa na kamisheni ya maduka ya ginseng (mizizi ya dawa), vito na vipodozi, ndiyo maana zinaweza kuwa za bei ya kutupwa. Ukiona bei nusu ya wengine, umeshajua nusu nyingine inatoka wapi. Hakikisheni pia mkataba unasema kianzio kinarudishwa viza ikikataliwa. Pasipoti ya Tanzania inahitaji viza, na maombi hupelekwa ubalozi wa Korea hapohapo Dar es Salaam. Masharti ya nyaraka waulizeni wao ana kwa ana, msitegemee wakala wala mimi.

Mama aende kwa daktari wake mwezi mmoja kabla. Si kwa ajili ya magoti tu. Safari ya ndege na kuunganisha ni ndefu, na mtu wa presha wa umri huo anapaswa kuambiwa kuhusu kuganda kwa damu miguuni, soksi za kubana, na saa za kumeza dawa majira yanapobadilika kwa saa sita. Abebe dawa kwenye vifungashio vyake na cheti cha daktari cha Kiingereza. Kama anatumia dawa kali za maumivu zenye asili ya afyuni, mwambieni daktari hivyo hivyo, kwa sababu Korea inataka kibali cha mapema kwa dawa za kundi hilo na forodha hawana mzaha. Akiishiwa nguvu mkiwa kule, namba ya gari la wagonjwa ni 119. Polisi ni 112.

Bahshishi si desturi yao. Dereva teksi na mhudumu wa mgahawa msiwape, watashangaa. Mwongozaji wa faragha aliyewahudumia vizuri siku nzima hatakataa mkimpa kitu, na akipewa pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro kwa mikono miwili, ataipokea kwa mikono miwili.